Wanaokesha Penye Moyo wa Mgonjwa

Tukiweka mkono kifuani twasikia moyo ukipiga. Unapiga tukiwa macho, unapiga tukilala. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi. Tangu zamani za kale watu wamejua kwamba moyo ukinyamaza, mtu amekwisha. Lakini kuusikia moyo ni jambo moja, na kuyasoma maandiko yake ni jambo jingine. Maana moyo huandika! Unao umeme wake, umeme mdogo sana, na umeme huo ukipitishwa katika mashini huchora mstari wenye vilima na mabonde. Mstari huo waganga huuita elektrokardiogramu.

Leo katika hospitali nyingi kubwa, hasa huko Marekani, wako watu ambao kazi yao ni kuitazama mistari hiyo mchana na usiku. Si waganga. Hawapasui mtu, hawaandiki dawa. Lakini wagonjwa wengi wanaorudi nyumbani kwa watoto wao wamerudi kwa sababu mtu wa namna hiyo hakusinzia. Leo tunapenda kuwasimulia jinsi kazi hiyo ilivyozaliwa. Habari zake zina swali linalotuhusu sote: elimu ikishikwa na watu wachache tu, mgonjwa atapata faida gani saa ile ambayo watu hao hawapo?

Chura, mbwa na fundi

Mwaka 1856 wataalamu wawili waliofanya kazi Würzburg, katika nchi ya Ujerumani, jina lao Kölliker na Müller, walichukua mguu wa chura pamoja na mshipa wake wa fahamu. Mshipa huo wakaulaza juu ya moyo mwingine wa chura uliokuwa ukipiga bado. Basi, kila mara moyo ulipopiga, mguu ule ulirusha teke. Nani aliyeuamuru? Umeme wa moyo! Hivyo ikajulikana kwamba kila pigo la moyo hutoa umeme kidogo.

Lakini mtu hawezi kufunguliwa kifua kwa ajili ya kupimwa tu. Ndipo mwaka 1887, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Bwana Augustus Waller alipoonyesha kwamba umeme wa moyo hufika hata juu ya ngozi. Aliunganisha kifua cha mtu, mbele na nyuma, na kibomba chembamba cha kioo chenye zebaki ndani yake. Kila pigo la moyo lilipopita, zebaki ilipanda na kushuka kidogo, naye akakipiga picha kivuli chake. Na mtu yule aliyepimwa alikuwa nani? Hakuwa mfalme wala mwalimu mkubwa. Alikuwa Thomas Goswell, fundi wa chumba cha majaribio. Tuliweke moyoni jina hilo, kwa sababu katika ukurasa wa kwanza kabisa wa habari hizi twamkuta fundi.

Waller alikuwa pia na mbwa wake, Jimmy, aliyezoea kusimama kwa utulivu huku miguu yake imetiwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1909 mbwa huyo alionyeshwa mbele ya wataalamu wa London, watu wakaona moyo wake ukichezesha mashini. Mambo hayo yalifika hata katika baraza la wabunge! Mmoja aliuliza kama mbwa hakuteswa. Waziri akajibu kwamba maji yale yalikuwa na chumvi ya kawaida tu, na kwamba yeyote aliyepata kutia miguu yake baharini anajua mbwa alisikia nini.

Lakini Waller mwenyewe hakutazamia makubwa. Mwaka 1911 alisema bado kwamba hadhani mashini hizo zitatumika sana hospitalini. Zebaki ilikuwa nzito, ikachelewa kuufuata umeme, na picha yake haikuwa wazi. Ilimpasa mwingine kutafuta njia iliyo bora.

Uzi mwembamba wa Leiden

Mtu huyo ni Willem Einthoven. Alizaliwa mwaka 1860 mjini Semarang katika kisiwa cha Java, kilichotawaliwa wakati ule na Waholanzi. Baba yake alikuwa mganga, akafa mapema. Mwaka 1870 mama yake akarudi Uholanzi na watoto wake sita. Mtoto huyo wa mjane alisoma kwa bidii, hata akafanywa mwalimu wa chuo kikuu cha Leiden akiwa na miaka 25.

Einthoven aliiacha zebaki, akachagua uzi. Na uzi gani! Waliyeyusha kwatsi, yaani jiwe linalong'aa kama kioo, wakaivuta kwa mshale uliorushwa toka upande mmoja wa chumba hata upande wa pili. Nyuma ya mshale ulibaki uzi mwembamba kuliko unywele, kisha wakaupaka fedha ili upitishe umeme. Uzi huo ukawekwa katikati ya sumaku yenye nguvu nyingi. Umeme wa moyo ulipopita ndani yake, uzi uliyumba. Taa ikatupa kivuli cha uzi juu ya kioo cha picha kilichokuwa kikisogea polepole. Hivyo moyo ukaandika mstari ulio safi. Einthoven alieleza habari za mashini hiyo mwaka 1901. Hata vilima vya mstari alivipa majina kwa herufi: P, Q, R, S na T. Herufi hizo ndizo zinazotumika hata leo. P yaonyesha vyumba vya juu vya moyo vikiamshwa. Q, R na S zaonyesha vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu mwilini. T yaonyesha vyumba hivyo vikijiweka tayari kwa pigo linalofuata.

Msidhani kwamba ilikuwa mashini ya kubebwa mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikajaza vyumba viwili, ikahitaji watu 5 wa kuiendesha. Sumaku yake ilipata moto mno hata ikabidi kuipoza kwa maji daima. Mgonjwa alikaa kitini, mikono yake na mguu wake katika ndoo za maji ya chumvi.

Basi shida ikatokea. Wagonjwa walikuwa hospitalini, na mashini ilikuwa mbali, mwendo wa kilomita 1 na nusu. Mashini haiwezi kwenda kwa mgonjwa, na mgonjwa mahututi hawezi kwenda kwa mashini. Wafanyeje? Mwaka 1905 Einthoven alitumia waya za simu. Mgonjwa alibaki hospitalini, na umeme wa moyo wake ukasafiri kwa waya hata chumba cha majaribio. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja alilala mahali pamoja, na mwingine akautazama moyo wake toka mahali pengine. Kazi tunayoisimulia leo ilikuwa imekwisha kuchipuka.

Mwaka 1924 Einthoven alipewa zawadi ya Nobel. Na hapa kuna habari inayosimuliwa mara nyingi, nasi twaona inastahili kukumbukwa. Katika kuijenga mashini ile alikuwa na msaidizi hodari wa mikono, jina lake van der Woerdt. Alipopata fedha za zawadi, Einthoven alimtafuta ili agawane naye. Kumbe, msaidizi alikuwa amekwisha kufa. Akaambiwa kwamba dada zake wawili wangali hai, nao ni maskini. Akawapelekea nusu ya fedha. Mwalimu huyo alijua kwamba kichwa bila mikono hakijengi kitu.

Kazi yapata wafanyakazi

Huko Uingereza kampuni ya Cambridge, iliyoongozwa na Horace Darwin, ilianza kuuza mashini za namna hiyo toka mwaka 1908. Mganga Thomas Lewis wa London alizitumia kwa bidii kubwa. Ndiye aliyeonyesha mwaka 1909 kwamba mapigo ya ovyo ovyo, waliyokuwa wakiyasikia waganga katika mkono wa mgonjwa bila kuyaelewa, mara nyingi yatoka katika vyumba vya juu vya moyo vinavyotetemeka badala ya kupiga. Toka hapo elektrokardiogramu haikuwa tena mchezo wa wataalamu. Ikawa chombo cha uganga.

Mwaka baada ya mwaka mashini ikapungua. Mwaka 1928 kampuni moja ya Marekani iliuza mashini yenye uzito wa kilo 23 hivi, iliyoendeshwa kwa betri ya motokari. Ndoo za maji ya chumvi ziliachwa, vikatumika vibati vya kufunga mikononi na miguuni. Toka mwaka 1934 Bwana Frank Wilson wa Marekani aliwafundisha waganga njia mpya ya kuupima moyo toka kifuani pia. Na mwaka 1938 waganga wa Marekani na wa Uingereza walipatana juu ya mahali 6 pa kifua pa kuweka vibati. Mwaka 1942 zikaongezwa njia nyingine, na hivyo tukapata picha 12 za moyo mmoja, zinazochukuliwa kwa waya 10 tu.

Lakini mashini ikiisha kupungua na kuenea, nani ataishika? Mganga hana nafasi ya kumfunga waya kila mgonjwa. Basi wakafundishwa wasaidizi, wanaume kwa wanawake. Msifikiri kwamba ni kazi ya kubonyeza kifungo tu. Fundi lazima ajue kuhesabu mbavu kwa vidole, ili kila kibati kikae mahali pake. Waya za mkono wa kuume na wa kushoto zikibadilishana, karatasi itasema uongo: mzima ataonekana mgonjwa. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi au kwa hofu, mstari nao utatetemeka. Kwa hiyo fundi humfunika, humtuliza, humweleza kwamba mashini haimtii umeme mwilini, bali yausikiliza umeme wake mwenyewe. Utaratibu huo wote ni sehemu ya ufundi.

Lazima pia ajue karatasi. Imechorwa viraba vidogo vya milimeta 1, nayo hupita katika mashini milimeta 25 kwa kila sekunde. Basi, kiraba kidogo ni sehemu 4 katika sehemu 100 za sekunde. Kiraba kikubwa, chenye vidogo 5 kila upande, ni sehemu ya tano ya sekunde. Ikiwa kati ya kilima na kilima mna viraba vikubwa 5, moyo unapiga mara 60 kwa dakika. Ikiwa mna 3, unapiga mara 100. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Tazameni: kwa hesabu ya shule ya msingi mtu aweza kuanza kuyasoma maandiko ya moyo!

Dawa ilikuwako, mtu hakuwako

Sasa twafika penye shida iliyo kubwa zaidi. Karatasi huonyesha moyo ulivyokuwa katika dakika ile tu. Lakini mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa kuzibwa mishipa ya moyo aweza kuwa mzima saa mbili ya usiku, akafa saa tatu. Moyo wake huacha kupiga kwa utaratibu, ukaanza kutetemeka tu pasipo kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu dakika 4 au 5, huanza kuharibika.

Hata baada ya mwaka 1950 wagonjwa wa namna hiyo walilazwa popote hospitalini penye kitanda. Waliambiwa wapumzike, basi. Kati ya wagonjwa 100, karibu 30 walikufa mle mle hospitalini. Wengi wao walikutwa wamekufa asubuhi, mwuguzi alipokuja kuwaamsha.

Je, hapakuwa na dawa? Ilikuwako! Mwaka 1947 mganga Claude Beck wa Cleveland, Marekani, alimponya kijana wa miaka 14 aliyesimama moyo alipokuwa akipasuliwa. Aliurudisha kwa kuupiga umeme moja kwa moja. Mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston alionyesha kwamba yawezekana kufanya hivyo bila kufungua kifua. Mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore walifundisha kukandamiza kifua kwa mikono ili damu iendelee kutembea. Basi waganga walikuwa na mashini ya kuona, na mashini ya kuponya, na mikono ya kungojea. Walikosa nini? Walikosa mtu aliye macho, karibu, mwenye elimu na ruhusa.

Mwaka 1961 mganga kijana wa Edinburgh, Desmond Julian, aliandika shauri lake: wagonjwa hao wakusanywe mahali pamoja, mioyo yao itazamwe daima kwa mashini zenye kengele, na wafanyakazi wote wafundishwe kumrudisha mtu. Mwezi wa Mei 1962 mganga Hughes Day alifungua chumba cha namna hiyo katika hospitali ya Bethany, mjini Kansas City. Mwaka ule ule mganga Lawrence Meltzer alifungua kingine huko Philadelphia.

Hapo ndipo swali lilipotokea waziwazi. Moyo wa mgonjwa unatetemeka, kengele inalia, mwuguzi yupo penye kitanda, mganga yuko nyumbani kwake amelala. Je, mwuguzi aruhusiwe kuusoma mstari na kutumia umeme bila kumngojea? Waganga wengi waliogopa. Na hofu yao haikuwa ya bure, kwa sababu umeme ule ukipigwa pasipofaa waweza kuua. Tena, tangu hapo kuusoma mstari ilikuwa kazi ya waganga peke yao. Lakini hesabu ya dakika haina heshima kwa cheo cha mtu. Meltzer pamoja na mwuguzi Rose Pinneo walichagua kufundisha. Wauguzi wakajifunza mistari, wakafanya mazoezi, wakapewa ruhusa. Mwaka 1965 kikatoka kitabu cha kuwafundisha wengine.

Matokeo yake? Katika vyumba vya namna hiyo waliokufa walipungua toka karibu 30 kwa 100 hata karibu nusu yake. Mashini ya kuponya ilikuwapo toka mwaka 1956. Jambo lililobadilika ni hili: elimu ilishushwa toka meza ya mganga hata penye kitanda cha mgonjwa.

Mlinzi wa usiku

Wakati huohuo Bwana Norman Holter wa mji wa Helena, Marekani, alikuwa akifuata njia yake. Mwaka 1947 alijifunga mgongoni mzigo wa kilo 38 hivi, wenye redio ndani, ili kupeleka umeme wa moyo hewani mtu akiwa anatembea. Hata mwaka 1961, alipoandika habari zake, mzigo ulikuwa umepungua mno, mtu akaweza kukaa nao siku nzima kazini kwake. Leo mgonjwa wa hospitali hubeba kisanduku kidogo katika mfuko wa nguo, chenye waya 3 au 5. Aweza kutembea, kula, kuongea na wageni. Mahali pengine, pengine hata katika nyumba nyingine, fundi amekaa mbele ya vioo vya mashini, anaitazama mistari ya wagonjwa makumi.

Huyo ndiye mrithi wa waya za simu za Leiden. Mafunzo yake huko Marekani ni ya majuma machache au miezi michache, mara nyingi katika hospitali yenyewe. Wengine hufanya pia mtihani wa kupata hati. Hujifunza sehemu za moyo, hujifunza kupima viraba, na kutofautisha mapigo yanayofaa na yanayotisha. Lakini somo lililo gumu kuliko yote ni hili: kujua mstari unapodanganya. Mgonjwa akipiga mswaki, mkono wake hutikisa waya, na mstari huweza kufanana kabisa na ule wa moyo unaokimbia kuelekea mautini. Waya ikichomoka, mstari hulala kama wa maiti, kumbe mwenyewe anakunywa chai. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kupiga simu haraka: mtazameni mgonjwa mwenyewe, si kioo.

Na hapa iko hatari ya siku zetu. Mashini hulia mara nyingi mno, na mara nyingi hulia bure. Sikio la mtu lachoka. Kengele iliyolia bure mara mia, mara ya mia na moja haisikiwi tena. Mwaka 2013 shirika la Marekani linalokagua hospitali lilitangaza kwamba kati ya Januari 2009 na Juni 2012 liliarifiwa misiba 98 iliyohusu kengele za mashini, na watu 80 walikufa katika misiba hiyo. Mashini ziliwekwa kusudi ziwaamshe watu. Lakini hakuna mashini iwezayo kumlazimisha mtu asikilize.

Fundi wa usiku hana ruhusa ya kutoa dawa. Dawa yake ni sauti yake. Akiona hatari, humwita mwuguzi. Asipojibiwa, huita tena. Asipojibiwa bado, humwita mwingine, hata aje mtu penye kitanda. Afisa mkubwa akikasirika kwa kuamshwa, si kitu. Afadhali kuita bure mara kumi kuliko kunyamaza mara moja. Mgonjwa hatamjua, labda hata jina lake hatalisikia. Atamshukuru mganga, na kwa haki. Lakini kama fundi angalinyamaza, mganga angalifika kuandika cheti cha kifo.

Wasomaji wapenzi, vijana wengi wakisikia habari za hospitali hutamani cheo cha mganga tu, na kazi nyingine zote huziona ndogo. Habari hizi zatufundisha vingine. Toka siku ya Goswell na van der Woerdt, elimu ya moyo imesimama juu ya miguu miwili: wale wanaovumbua, na wale wanaoshika kazi kila siku kwa uaminifu. Tena zawafundisha wenye elimu kwamba kuwagawia wadogo wao si kujipunguzia heshima. Kwa muda wa miaka mingi watu walikufa usiku karibu na dawa iliyoweza kuwaponya. Waliacha kufa kwa wingi hivyo siku ile wakubwa walipokubali kufundisha, na wadogo walipokubali kujifunza na kukesha.